Usawiri wa Mwanamke Mwislamu Mfanyakazi katika Utengano: Mtazamo wa Mwambao wa Ziwa

Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), imezoea kuhakikiwa kama kisa cha Maimuna, msichana aliyetawishwa na babake, Bwana Maksuudi, kisha akatoroka na kuzama katika maisha ya danguro. Usomaji huo una mashiko, ila humwachia mwanamke wa Kiislamu njia mbili tu: atawe ndani au atoke aharibike. Makala haya yanadai kwamba riwaya yenyewe inayo njia ya tatu, nayo imepuuzwa kwa kuwa wanaoipita ni wahusika wadogo.

Nyumba ya Maksuudi, iliyofungwa kwa jina la heshima, inahudumiwa na Biti Kocho, mtumishi. Bi Tamima, mkewe Maksuudi, anaposhikwa na uchungu wa uzazi, anayehitajika ni Bi Farashuu, mkunga. Hata hivyo, Farashuu haji na ujuzi peke yake. Yeye ni mamake Mwanasururu, mke wa zamani wa Maksuudi aliyedhulumiwa mali yake. Hivyo basi, kazi na ukoo vinaingia kwa mlango mmoja: mkono uleule unazalisha na kulipiza kisasi. Talaka anayopewa Tamima inadhihirisha kwamba mume huadhibu kazi ya mwanamke mmoja kwa kumfukuza mwingine.

Ukitazamwa kutoka Kisumu, mgawanyo wa ndani na nje unapungukiwa. Kwa Waislamu wa Kaloleni, Wanubi wa Kibos au Waluo Waislamu wa Kendu Bay, mwanamke kuuza sokoni au kufundisha shuleni si utoro. Sheria ya Kiislamu humtambua kuwa mmiliki wa chumo lake, ilhali chakula, mavazi na makazi yake ni wajibu wa mume. Ugumu umo katika kugawa wakati. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Katika muda huo nani atafungua kibanda, na nani atashika darasa?

Swali la namna hiyo Utengano haiulizi. Ukunga wa Farashuu unasukuma msuko mbele, kisha unafunikwa na kisasi. Msomaji haoneshwi jinsi anavyopima wito wa mzazi wa jirani na madai ya nyumba yake mwenyewe. Huo ndio upungufu wa usawiri wake. Mhakiki anayehesabu waliotawishwa na waliotoroka pekee huuendeleza upungufu huo, na humnyima mwanafunzi wa mwambao wa Ziwa nafasi ya kumkuta mamake katika fasihi anayoisoma.