Mikono Miwili ya Chuma

Siku nilipomwambia fundi wangu wa Ndosho, hapa Goma, kwamba natafuta winchi nyepesi ya kufunga mbele ya Land Cruiser yangu kuukuu, hakuniuliza nina pesa kiasi gani. Aliniuliza, "Nyepesi kwa nani, mwana wangu? Kwa gari, kwa betri, ama kwa weye?" Kisha akajisukuma tena chini ya kamio, yaani lori, aliyokuwa akiitengeneza, nikabaki kuongea na miguu yake. Nilidhani ni utani wa wazee. Misimu miwili ya mvua ilipita ndipo nikaona kwamba hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na kwamba wauzaji wote niliowaendea katika mtaa wa Birere walinipa jibu bila kuniuliza.

Asiyeijua Goma atashangaa tunavyoyahofia matope, maana mji wenyewe umekaa juu ya jiwe. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ukaziba mitaa na sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukakomea Buhene, pembezoni. Makoro, yale mawe meusi yaliyobaki, hukata tairi kama chupa iliyovunjika, lakini hayamezi gari. Kinachomeza kinaanzia Sake, pale barabara inapouacha ufuo wa ziwa na kuanza kupanda kwenda Mushaki na Masisi. Mvua ikinyesha siku mbili, udongo wa milima ile hugeuka potopoto inayoteleza kama sabuni, na kamio za makaa, maharagwe, viazi na jibini hupanga foleni nyuma ya ile ya kwanza iliyolala. Habari za vita, ambavyo vimeifunga barabara hiyo mara nyingi, wapo wanaoziandika. Mimi leo nina matope tu.

Hesabu ya wauzaji ni rahisi. Chukua uzito wa gari likiwa limejaa, ongeza nusu yake, hiyo ndiyo nguvu ya winchi yako. Langu likibeba watu na mzigo hukaribia kilo 3,000, kwa hiyo niliambiwa ninunue ile ya pauni 9,500, yaani uwezo wa kuvuta kilo 4,300 hivi. Hesabu hiyo si ya uongo. Ila mashine yenyewe na waya wake wa chuma hukaribia kilo 40, na bado hujahesabu bampa nzito ya kuishikilia. Mzigo huo wote unaning'inia mbele ya ekseli. Springi zinalala, pua ya gari inainama, na kwenye shimo la kwanza magurudumu ya mbele ndiyo yanayotangulia kuzama. Umenunua dawa ambayo kwanza inakuambukiza.

Kuna jingine ambalo muuzaji hulisema kwa sauti ndogo, kama hulisema. Ile nguvu iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana waya ukiwa karibu wote umetoka na umebaki mzunguko wa kwanza tu kwenye ngoma. Kila mzunguko unaolala juu ya mwingine hupunguza mvuto. Na winchi ya umeme ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa ampea zaidi ya 400. Betri zetu, nyingi zikiwa zimeshafanya kazi katika nchi mbili kabla ya kutufikia, hukata roho mapema. Wazee wanaozikumbuka Land Cruiser za zamani, zilizokuwa na winchi ya kiwandani inayozungushwa na injini yenyewe kupitia giaboksi, huzisifu kwa sababu hiyo: injini ikiwaka, winchi inavuta. Lakini nazo zilikuwa nzito kama dhambi.

Nadhani tumeharibiwa macho na picha. Mwaka 1983 mashindano ya magari ya Camel Trophy yalifanyika nchini mwetu, wakati huo ikiitwa Zaire, na mwaka 1991 yakapita Tanzania na Burundi. Yale magari ya rangi ya njano, yamepakwa matope hadi juu, winchi ikimeremeta mbele, yalimfundisha kila kijana wa wakati wangu kwamba gari la porini lisilo na winchi puani ni kama dume lisilo na pembe.

Nikajaribu njia ya kisasa: kamba ya nyuzi, ile inayotengenezwa kwa Dyneema na jamaa zake, badala ya waya. Hapa sifa ni za haki. Mita 30 za waya wa kawaida zina kilo 12 hivi, za kamba hiyo zina kilo 2. Inaelea juu ya maji, haimchomi mtu viganja, na ikikatika hairuki na kurudi kwa ukali wa waya. Kwa mtu wa Masai Mara au wa jangwa la Oman pengine mazungumzo yangeishia hapo. Kwetu kuna makoro. Niliivuta ikisugua kona moja ya jiwe kwa muda wa kunywa chai, na nilipoigeuza nikakuta nyuzi zimesimama kama manyoya ya kuku aliyeloa. Baadaye nilijifunza kuivisha kipande cha mpira wa ndani wa tairi popote inapogusa jiwe, na kuificha na jua, ambalo huila polepole. Ni kamba nzuri. Inataka kutunzwa kama mtoto mchanga, na barabara ya Masisi si mlezi.

Basi fundi akanionyesha tirfori.

Ilikuwa imelala kwenye kona ya gereji, imefunikwa gunia, na mwanzoni sikuidhania kuwa winchi. Ni sanduku la chuma linalobebwa kwa mkono mmoja, halina ngoma, halina mota, halina waya wa umeme. Jina ni la biashara ya Wafaransa, na kwa Kifaransa linasikika kama mtu anayeamriwa avute kwa nguvu. Ile kubwa kidogo, ya kuvuta tani 1.6, ina uzito wa kilo 18 hivi, na waya wake wa mita 20 unabebwa peke yake. Waya huo haukunjwi ndani ya mashine. Unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Ndani kuna jozi mbili za taya. Ukisukuma mtaimbo kwenda mbele, jozi moja inaushika waya na kuuvuta, huku nyingine imeachia na inajongea kwenda kushika mbele zaidi. Ukirudisha mtaimbo, zinabadilishana zamu. Ndivyo mtu anavyovuta ndoo kutoka kisimani: mkono huu unashika, ule unafuata, kamba haiachwi hata kidogo. Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo taya zinavyozidi kubana. Sijaona mashine nyingine iliyomwiga binadamu kwa adabu hivyo. Kila pigo la mtaimbo linakupa sentimita chache tu, na sentimita hizo ni zako, hazirudi.

Ina pia unyenyekevu ambao winchi za umeme hazina. Kwenye mtaimbo wa kuvutia kuna pini laini, zimewekwa makusudi ziwe dhaifu kuliko vyote. Ukizidisha mzigo, pini zinakatika, mtaimbo unalegea, lakini gari linabaki limeshikwa, na mtaimbo wa kurudisha bado unafanya kazi. Mashine inakuambia: umekosea hesabu, fikiri tena. Nimewahi kuona mtu ameziba tundu la pini kwa msumari. Fundi wangu aliung'oa msumari ule bila kusema neno, akauweka mfukoni, na siku hiyo hakumsalimia tena mwenye mashine.

Lakini nisiisifu mashine nikamsahau mvutaji. Mara ya kwanza tulipoitumia pamoja ilikuwa kwenye mteremko chini ya Mushaki. Nilikuwa nimeliingiza gari kwenye mfereji hadi ekseli, na vijana wa barabara walikuwa wameshafika na mabeleshi yao na bei yao. Nilitaka tuvute mara moja. Mzee fundi hakuigusa tirfori. Kwanza aliwaondoa watu, hasa watoto, ambao kwetu hutokea mahali popote gari linapokwama, hata pasipo na nyumba. Aliwapandisha juu ya ukingo, umbali uliozidi urefu wa waya, akawaambia atakayeshuka ndiye atakayelipa. Kisha akazunguka gari, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Tulikuja toka wapi?" aliniuliza.

"Toka nyuma, Papa."

"Na kule nyuma, njia ilikuwa nzuri?"

Ilikuwa nzuri. Nami nilikuwa nikitaka kuvutwa kwenda mbele, ndani zaidi ya kilichoniangusha, kwa sababu kichwani mwangu winchi ni kitu cha mbele. Tirfori haina mbele wala nyuma. Aliibeba begani hadi upande wa pili, akatafuta mkaratusi mnene ulio mlimani, akauzungushia mkanda mpana chini kabisa karibu na mizizi, maana waya mtupu huukata mti ganda na mti wenyewe hauna kosa. Pasipo na mti, nilikuja kujifunza, unachimba mfereji, unazika tairi la akiba likiwa limesimama wima, nalo linashika kuliko unavyodhani.

Halafu akawapa vijana kazi waliyokuja kuifanya: kuchimba. Hapa ndipo penye elimu ambayo ningetaka kila dereva aipate kabla ya kununua chochote. Waokoaji wa magari ya jeshi wana kanuni ya zamani: gari lililozama hadi magurudumu linahitaji mvuto sawa na uzito wake, lililozama hadi madigadi linahitaji mara mbili. Kwa hiyo anayechimba robo saa mbele ya magurudumu hafanyi kazi ya kitumwa inayosubiri mashine ije. Anapunguza tani. Beleshi ndiyo winchi nyepesi kuliko zote, na bei yake haimnyimi mtu usingizi.

Mwisho alitoa kapi. Waya ukatoka kwenye tirfori iliyofungwa mtini, ukaenda hadi kwenye kapi lililofungwa nyuma ya gari, ukarudi hadi mtini. Tani 1.6 zikawa zaidi ya tatu, ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano. Malipo yake ni mwendo: unavuta waya mita mbili, gari linasogea moja. Watu wa pwani wanaijua biashara hii tangu enzi. Foramali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, haipandishwi na misuli mitupu. Henza, kamba nene, hubeba uzito, na jarari, kamba zinazopita rodani, yaani kwenye kapi, huugawa kwa mabaharia. Mzee hajawahi kuiona bahari, na siku nilipomweleza habari za jarari alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe na wao hukwama."

Juu ya waya akatandika blanketi zito ili lipunguze kishindo endapo utakatika. Tukavuta kwa zamu, mimi, yeye na kijana mmoja wa barabara, pigo kwa pigo. Hapakuwa na kelele ya injini. Nilisikia taya zikibadilishana ndani ya sanduku, na matope yakiachia gari kwa sauti ya mtu anayenyonya embe. Karibu saa nzima. Winchi ya umeme ingemaliza kwa dakika kumi, kama betri ingekubali, na ingetupeleka mfereji unaofuata.

Tulipomaliza, hatukuondoka. Nyuma yetu palikuwa na kamio ya maharagwe iliyokwama, na mzee alikwishaifungua tirfori mtini na kuipeleka kwa wenye kamio, akiitembeza begani. Kamio ilikuwa na mzigo uliozidi nguvu yetu, hivyo maharagwe yalishushwa nusu, kapi likaongezwa, na jua likazama tukiwa bado tunavuta. Winchi iliyofungwa kwa bolti puani mwa gari langu isingefika pale.

Leo gari langu halina kitu mbele. Chini ya kiti cha nyuma kuna tirfori iliyotumika, pini za akiba, kapi mbili, mkanda mpana wa mita tatu, beleshi na blanketi la mtumba. Ukitukuta njiani kuelekea Mushaki tumeshaanza kuvuta, zima injini, shusha abiria wako, na tafadhali simama mbali na waya.