« Stage 3 » haipimi kitu: namna wanatuuzia ambrayaje ya motokari ya spoti

Hapa Congo kila mwenye licence anajua neno « stage ». Ni miezi mitatu ofisini, unapiga fotokopi, unatumwa kununua maji, na makuta hakuna. Kwenye dunia ya motokari za spoti neno hilo hilo, lakini kwa Kiingereza, njo linauza ambrayaje: stage 1, stage 2, stage 3, kwa kampuni zingine mpaka 5. Wengi wetu tunaangalia hizo video usiku wakati megabaiti ziko bei rahisi, na sasa lugha yake imeingia hata kwenye mazungumzo yetu. Ambrayaje ya kawaida ni ya wazee, wanasema. Mutu mwenye motokari ya spoti, kama ya kwanza imeisha, aruke moja kwa moja kwa stage 3. Mimi naona hiyo ni lugha mbaya. Inaficha kitu kile kile ambacho munuuzi anahitaji kujua.

Tuchukue motokari moja ya kweli, tusiongee hewani: Mazda MX-5, ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 na moteri ya lita 1,6. Kule Japani waliiita Eunos Roadster. Viti viwili, juu wazi, uzito karibu tani moja, magurudumu ya nyuma njo yanasukuma. Mwaka 2016 Mazda ilifikisha MX-5 milioni moja, ukihesabu vizazi vyake vyote, kwa hiyo si ajabu kwamba Uingereza, Marekani na Japani kuna biashara kubwa ya vipande vyake. Na kipande kinachoisha kwa lazima, hata ukiendesha kama padri, ni ambrayaje.

Ambrayaje (majirani wetu wa Tanzania na Kenya wanasema klachi) ni disiki moja iliyobanwa katikati ya vitu viwili: plato upande moja, na volani ya moteri upande mwingine. Si ile volani unashika na mikono. Kifaransa kilitupa neno moja kwa vitu viwili, na kila mwaka kuna mwanafunzi wa machinisme agricole anayechanganya. Disiki iko na ferodo pande zote mbili. Ukiacha pedali, ressort ya plato inabana disiki, na nguvu ya moteri inapita kwenda kwa bwate ya vitesi. Ukikanyaga, inaachia.

Nguvu ya kuzungusha ambayo ambrayaje inaweza kubeba, ile tunaita kuple, inatoka kwa hesabu fupi sana: pande 2 za ferodo, mara msuguano wa ferodo, mara nguvu ya plato, mara radiusi ya wastani ya ferodo. Basi. Weka tarakimu za mfano: msuguano 0,3, plato inabana na niutoni 4.000, radiusi mita 0,08. Unapata niutoni-mita 192. Moteri ya MX-5 ya 1,6 inatoa karibu 136. Maana yake ambrayaje ya namna hiyo iko na ziada ya asilimia 40 hivi, na hiyo njo kazi ya munjinia wa kiwanda: kuacha nafasi kwa joto, kwa uzee wa ferodo, kwa dereva mubaya.

Sasa muuzaji anataka kukuuzia « nguvu zaidi ». Njia ziko chache. Anaweza kuongeza nguvu ya plato: pedali inakuwa nzito, na kila unapokanyaga, sehemu ya nguvu hiyo inasukuma kranki ya moteri kwa urefu wake, kwa hiyo kuna kipande ndani ya moteri ambacho kinalipa. Anaweza kuongeza msuguano: anatoa ferodo ya kawaida anaweka vipande vya seramiki na metali, vinne au sita, vinavyokaa kwenye disiki kama majani ya ua. Hiyo inashika, hakuna ubishi. Lakini inashika yote au haishiki kabisa. Ao anaongeza radiusi, na hiyo njo njia ambayo matangazo hayapendi, juu haina jina la kutisha.

Tuseme muuzaji alichagua seramiki. Je, « stage » inakuambia hivyo? Haikuambii. Kwa Exedy, stage 1 ni disiki ya organiki na stage 2 ni ya seramiki-metali. Kwa kampuni ingine, ngazi ya pili bado ni disiki nzima ya organiki, laini, ya kutembea nayo mjini. Namba ni moja, mnyama si moja. Sisi wa agronomia tumezoea kitu kingine. Mufuko wa NPK 17-17-17, ukinunuliwa Goma ao Kolwezi, unasema jambo moja: asilimia 17 ya azote, 17 ya fosforo ikihesabiwa kama P2O5, 17 ya potasi ikihesabiwa kama K2O. Unaweza kupeleka laboratware, na muuzaji akidanganya, unamushika. Stage 3 utapeleka laboratware gani? Nani atamushika? Kampuni inayoandika niutoni-mita ngapi disiki inabeba, ferodo ni ya nini, plato inabana kiasi gani, hiyo inajifunga kwa maneno yake. Ile inayoandika namba ya stage tu haijifungi kwa kitu.

Na video? Hapa njo nina hasira kidogo. Kijana anafunga ambrayaje mupya leo, kesho anapiga video, anaruka kwenye barabara tupu, matairi yanatoa moshi, « inashika vibaya sana! » Ndiyo, inashika, iko mupya. Hakuna mutu anayehukumu mbegu siku inaota. Ferodo ya organiki yenyewe inaomba kilometa 500 mpaka 800 za kutembea pole pole mjini ili uso wake ukae vizuri, na video nyingi zimeshatoka mbele ya hizo kilometa kuisha. Ningetaka kuona video ya ambrayaje ile ile kwenye foleni, kwenye mulima, mvua inanyesha, lori mbele na mama na mizigo nyuma. Mutu wa Bukavu anaelewa nasema nini. Kule unahitaji ambrayaje inayoteleza kidogo kwa akili, sentimeta kwa sentimeta, halafu inashika. Seramiki inakupa mruko, ao inatetemesha motokari nzima, ao moteri inazima. Disiki zingine za mbio hata hazina ressort katikati, zile zinazomeza mishtuko; mushtuko unaenda mubichi kwa bwate.

Tuseme dereva wetu hajali foleni. Bado kuna swali: ile nguvu inaenda wapi? Mwaka wa kwanza wa agronomia wanatufundisha sheria ya kiwango cha chini, ile Carl Sprengel aliieleza na Justus von Liebig akaieneza: mavuno yanapimwa na kirutubisho kile kinachokosa kuliko vyote. Picha yake ni pipa la mbao. Maji hayapiti ubao ulio mufupi, hata ukirefusha zile zingine zote. MX-5 ya 1,6 iko na ubao wake mufupi: diferensieli, ile mafundi wetu wanaita ponti, ni ndogo, na Mazda yenyewe ilipoleta moteri ya 1,8 iliweka kubwa zaidi. Ambrayaje inayoteleza kidogo ukiiachia gafula ilikuwa inalinda hiyo ponti, kama fyuzi. Ukiweka seramiki na matairi yanayonata, halafu unaachia pedali kwa mara moja, fyuzi imetoka. Ferodo inanunuliwa, meno ya ponti yakivunjika, hesabu ni ingine.

Sisemi ambrayaje kali ni bure. Mutu aliyeweka turbo kwenye MX-5 na kuongeza kuple mara mbili, ile ya kiwanda itamupatina kwa vitesi ya nne, lazima. Mutu wa mashindano, motokari inafika na lori na inarudi na lori, seramiki ni yake. Lakini hao njo wachache, na mara nyingi wanajua hesabu yao. Matangazo hayaongei nao. Yanaongea na kijana mwenye moteri ya kiwanda, nguvu farasi 115 hivi, na anaonewa haya kwa sababu alitaka kununua kitu cha kawaida.

Kama ni mimi nachagua kwa hiyo 1,6 ya kutembea nayo kila siku na kucheza kidogo Jumapili, ningechukua ambrayaje ya MX-5 ya 1,8. Disiki ya 1,6 iko na milimeta 200, ya 1,8 iko na 215, na inaingia ukibadilisha pamoja volani yake ya moteri. Rudi kwa hesabu yetu: msuguano ule ule, plato ile ile, radiusi tu imepanda kama asilimia 7, na unatoka 192 unafika karibu 206. Pedali haibadiliki. Foleni haibadiliki. Hakuna mutu atakupigia video.

Halafu makuta yabaki kwa vitu vingine, juu kwenye motokari hii kazi njo inakula: lazima kushusha bwate, na kufungua ile fremu ndefu inayounga bwate na ponti. Ukishafika pale, kubadilisha disiki peke yake ni ufukara wa akili. Weka plato, weka butee, weka rulema ndogo ya katikati ya volani, na jwenti spi ya nyuma ya moteri, kwa sababu tone la mafuta ya moteri kwenye ferodo linaua stage yoyote.

Na mbele ya kushusha, uwe hakika kama ni ambrayaje kweli. Panda mulima na vitesi ya nne, moteri pole, kanyaga gesi yote: kama moteri inapiga kelele na motokari haiongezi mwendo, inapatina, disiki imeisha. Lakini kama vitesi zinakataa kuingia na pedali inashuka mpaka chini, piga magoti, angalia pembeni ya bwate. MX-5 inajulikana kwa kisilinda kidogo cha ambrayaje kinachovuja pale. Kinabadilishwa asubuhi moja, na bwate inabaki mahali iko.