Rafiki, Dada au Shoga? Urafiki wa Wasichana katika Filamu za Katuni za Kijapani

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuhakiki kazi ambazo kwa kawaida hazipati nafasi katika kurasa hizi, nazo ni filamu za katuni kutoka Japani. Tangu mwanzoni mwa mwaka tumekuwa tukikutana Jumamosi jioni katika chumba kimoja huku Nyakabanda, walimu wawili na wanafunzi kadhaa, tukitazama filamu na kuzisimulia kwa Kiswahili. Mjini Kigali jambo hili si geni. Watu wamezoea agasobanuye, yaani filamu ambayo msimulizi huieleza kwa Kinyarwanda huku picha zikiendelea. Sisi tulitaka kufanya hivyo kwa Kiswahili ili mazoezi ya lugha yawe na ladha. Punde wasichana wa majirani nao wakaanza kuja kusikiliza.

Siku tulipotazama "When Marnie Was There", zamu ya kusimulia ilikuwa ya mwanafunzi aliyelelewa na bibi yake Biryogo, mtaa unaojulikana kwa Waswahili wake tangu enzi za ukoloni. Anna, msichana mpweke, anapokutana na Marnie na kushikana naye mikono, mwenzetu alisema kwa utulivu kabisa, "Sasa Anna amepata shoga." Chumba kizima kiliangua kicheko. Msimulizi aliona haya akanyamaza, na filamu ikaendelea dakika kadhaa bila sauti yake. Baadaye alituambia kwamba bibi yake hakuwahi kuwaita wanawake wenzake kwa jina jingine.

Uhakiki huu umetokana na kicheko kile.

Tatizo la neno

Neno la Kijapani linalotumika sana katika filamu hizi ni "tomodachi", nalo halibagui mume wala mke. Kadhalika "inshuti" la Kinyarwanda na "rafiki" letu. Lakini Kiswahili cha pwani kilikuwa na hazina zaidi. Mwanamke alimwita mwanamke mwenzake aliyeshibana naye "shoga", na neno hilo lilibeba siri, utani, kusaidiana arusini na msibani. Lilikuwapo pia "somo", yaani rafiki wa karibu, au mtu mliyeitwa jina moja, au mwanamke amfundaye mwari.

Leo mtu akisema "shoga", wasikilizaji wengi humfikiria mwanamume anayependa wanaume, na neno limekuwa tusi vinywani mwa watu. "Somo" nalo limebaki kuwa kipindi cha darasani. Hivyo basi, tukitaka kueleza urafiki mzito wa wasichana wawili, tunakimbilia jamaa: "Huyu si rafiki tu, ni dada yangu." Hilo "tu" ndilo linalotusumbua. Linasema kwamba urafiki peke yake ni jambo dogo, na kwamba lazima upandishwe cheo uwe undugu ndipo uheshimiwe.

Hoja yetu ni kwamba filamu hizi nazo zinalijua jaribu hilo. Baadhi zinaliangukia, na moja inalikataa.

Rafiki kama msaidizi

Tuanze na "Kiki's Delivery Service" ya Hayao Miyazaki, iliyotolewa mwaka 1989 na kutokana na kitabu cha Eiko Kadono cha mwaka 1985. Kiki ni mchawi mdogo wa miaka 13 anayehamia mji wa ugenini na kuanzisha kazi ya kupeleka mizigo kwa ufagio wake unaoruka. Anapopoteza uwezo wa kuruka, anayemsaidia ni Ursula, msichana mchoraji anayeishi katika kibanda msituni. Ursula hampi dawa. Anamweleza kwamba yeye pia aliwahi kushindwa kuchora, na kwamba wakati mwingine mtu hana budi kuacha kwanza.

Uzuri wa Ursula ni kwamba ana kazi yake mwenyewe. Tunapomkuta anachora, na tunapomwacha tunaamini kwamba anaendelea kuchora. Inafaa kujua pia kwamba katika sauti za Kijapani, Kiki na Ursula wameigizwa na mtu mmoja, Minami Takayama. Ni kana kwamba Kiki anazungumza na nafsi yake iliyokwisha kukomaa.

Linganisha na Lin katika "Spirited Away" ya mwaka 2001. Lin ndiye anayemfundisha Chihiro kazi ya nyumba ya kuogea, na ana ndoto ya kuondoka pale siku moja. Chihiro anarudi kwao, lakini filamu haituambii kama Lin aliondoka. Kwa upande wa usanifu wa wahusika, hapa rafiki ametumika kama ngazi: shujaa akishapanda, ngazi inaachwa pale ilipo.

Rafiki anapogeuka kuwa bibi

"When Marnie Was There" iliongozwa na Hiromasa Yonebayashi na kutolewa na Studio Ghibli mwaka 2014, kutokana na riwaya ya Mwingereza Joan G. Robinson ya mwaka 1967. Anna ana miaka 12, anaugua pumu, na analelewa na wazazi wasio wa damu yake. Amegundua kwamba wazazi hao wanapokea fedha za serikali kwa ajili ya kumlea, na tangu hapo hawezi kuamini kwamba anapendwa. Wanampeleka mashambani Hokkaido apate hewa safi. Huko, katika jumba la zamani kando ya maji, anakutana na Marnie. Wanaahidiana siri, wanapiga makasia, wanacheza ngoma kwenye mwanga wa mwezi.

Mwishoni tunajua kwamba Marnie ni bibi yake Anna, aliyekwisha kufariki. Wengi chumbani walilia, na sisi hatukusalimika. Lakini tulipotulia tulijiuliza: kwa nini urafiki ule ulihitaji damu ili uwe wa kweli? Kidonda cha Anna ni kudhani kwamba asiye wa damu yake hawezi kumpenda bure. Filamu inapomtibu kwa kumwonyesha ndugu wa damu, nusu ya kidonda inabaki wazi. Ni lile "si rafiki tu" letu, limechorwa kwa rangi nzuri.

Hata hivyo tusiidhulumu kazi hii. Anayemsimulia Anna habari zote za Marnie ni Hisako, mwanamke mzee mchoraji, aliyekuwa rafiki yake Marnie tangu utotoni. Anayepata shajara ya Marnie ni Sayaka, msichana mwenye miwani aliyehamia katika jumba lile, ambaye hana udugu na yeyote kati yao. Kumbe historia ya ukoo wa Anna imetunzwa na marafiki. Watazamaji wetu hawakumtaja Sayaka hata mara moja katika mjadala. Tulipowauliza, msichana mmoja alijibu, "Yule alikuwa rafiki tu."

Rafiki anayebaki rafiki

Filamu iliyotufundisha zaidi ni "Liz and the Blue Bird" ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Naoko Yamada kutokana na riwaya za Ayano Takeda. Hapa hakuna uchawi. Mizore na Nozomi wako mwaka wa mwisho wa sekondari na katika bendi moja ya shule. Mizore anapiga obo, ala iliyo jamaa ya zumari letu. Nozomi anapiga filimbi. Nozomi ndiye aliyemwingiza Mizore katika bendi, na ndiye aliyewahi kuiacha bila kumwambia. Kwa Mizore, Nozomi ni kila kitu. Kwa Nozomi, Mizore ni mmoja wa marafiki wengi.

Wanajiandaa kupiga muziki uliotokana na hadithi ya Liz, mwanamke mpweke anayeishi na msichana ambaye kwa kweli ni ndege. Liz analazimika kumwachilia aruke. Wote wawili wanaamini kwamba Mizore ni Liz, yule asiyeweza kuachilia. Kisha wanatambua kwamba mambo ni kinyume. Mizore ndiye mwenye mabawa, kwani kipaji chake ni kikubwa kuliko cha mwenzake, naye alikuwa akikibana ili asimwache nyuma. Siku anapokipiga chote, Nozomi anashindwa kuendelea na filimbi, anatokwa na machozi.

Baadaye Mizore anamkumbatia mwenzake na kumtajia yote anayoyapenda kwake: nywele, mwendo, kila kitu. Nozomi anajibu kwamba yeye anaipenda obo ya Mizore. Jibu hilo linauma kwa sababu ni la kweli, na ni dogo kuliko lile lililotarajiwa. Filamu haiwageuzi ndugu, wala haimtumii mmoja kama ngazi ya mwingine. Inawaacha wawili wasiopendana kwa kipimo sawa, kila mmoja na njia yake, wakitoka shuleni pamoja jioni ile. Tunaona huo ndio ushoga kwa maana ya bibi wa Biryogo.

Hitimisho

Msomaji anaweza kutupinga kwamba kumwita rafiki "dada" ni heshima, kwamba hata mtoto wa Kijapani humwita dada msichana mkubwa asiye ndugu yake, na kwamba wahenga walisema undugu ni kufaana. Tunakubali. Lakini wahenga hao hao walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hawakuongeza "tu".

Kabla ya kuonyesha filamu ya Yamada tulitumia dakika chache kueleza historia ya neno "shoga". Msimulizi alikuwa yule yule. Alipolitaja mara ya kwanza wachache walicheka. Kufikia pale wasichana wale wanapokumbatiana hakuna aliyecheka. Hata hivyo mmoja wetu, mwalimu wa miaka mingi, anashikilia kwamba neno hilo lisifundishwe, kwani mwanafunzi atakayelitamka nje ya darasa ataumia, na sisi hatutakuwapo kumtetea. Hatujaafikiana naye, na hatuwezi kusema kwamba anakosea.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wengi wanajifunza kutoka vitabuni, mbali na mabibi waliokuwa na maneno haya. Basi ombi letu kwa walimu ni dogo. Mtakapofundisha msamiati wa jamaa, baba, mama, shangazi na mjomba, ongezeni mstari mmoja wa marafiki. Kisha waulizeni wasichana darasani wanamwitaje yule ambaye hawana udugu naye na hawawezi kukaa bila yeye. Majibu yao yaandikeni ubaoni.