Nuktamkato Nane Mahali pa Mkato Mmoja

Wasomaji waliofuata daawa ya madereva wa Oakhurst Dairy, wasambazaji wa maziwa wa Portland katika jimbo la Maine, wanajua ya kuwa sheria ya malipo ya saa za ziada ilikosa mkato mmoja, na ya kuwa upungufu ule, daawa iliposuluhishwa mwaka 2018, uligharimu dola milioni 5. Juu ya maradhi yale yamesemwa mengi. Mimi nasema juu ya dawa yake. Watunga sheria wa Maine, walipoiandika upya ibara ile mwaka 2017, walijaliwa fursa ambayo waandishi wachache huipata, ya kusahihisha sentensi moja huku wapenzi wote wa sarufi ya Kiingereza wakitazama, nao wakachagua alama isiyostahili.

Mahakama ya rufani ilifanya kazi yake kwa insafu. Katika maneno yaliyofunga orodha ya kazi zisizolipwa ziada, "packing for shipment or distribution", yasiyo na mkato baada ya "shipment", Jaji David Barron aliona njia mbili: ama "distribution" ni kazi ya pekee, na dereva hana haki ya malipo ya ziada, ama neno hilo limefungwa na "packing", na aliyenyimwa ni mfungashaji tu. Kampuni ilidai kwamba orodha isiyo na kiunganishi kabla ya kipengele chake cha mwisho haina mwisho. Madereva wakajibu kwamba kazi zote nyingine huishia na "-ing", ilhali "shipment" na "distribution" ni majina ya jinsi moja. Hoja zilipokabana, jaji akawapa haki madereva, kwa kuwa sheria za ujira za Maine husomwa kwa kuyapendelea makusudi yake.

Sasa tazama marekebisho. Kuligeuza "distribution" kuwa "distributing", lilingane na wenziwe, kulikuwa kuzuri. Walakini mikato saba ya zamani ilifutwa yote, zikaingia nuktamkato nane, moja baada ya kila kazi, kuanzia "canning" hadi "packing for shipment", kana kwamba mikato saba iliyokuwapo ndiyo iliyokosa, na si ule mmoja uliokuwa haupo. Nuktamkato ina kazi mbili zinazojulikana. Hutenga vishazi viwili vinavyojitegemea ambavyo kiunganishi hakikuvifunga, kazi ambayo mkato peke yake hauiwezi, nami sitachoka kuwakemea wanaoutwika, na hutenga vipengele vya orodha vyenye mikato ndani yake, mathalan mtu atajapo Portland, Maine; Portland, Oregon; na Salem, Oregon. Ndani ya "freezing" hamna mkato. Ndani ya "drying" hamna, wala ndani ya "storing". Mtu atumiaye nuktamkato kutenga neno moja na neno moja ameitumia akiba yake kabla ya haja, na haja ilikuwa mistari michache tu mbele.

Maana orodha ile haikuishia pale. Baada ya "distributing of" inafuata nukta pacha, na chini yake orodha ya pili: mazao ya kilimo, bidhaa za nyama na samaki, na vyakula viharibikavyo upesi, nazo tangu zamani zimetengwa kwa nuktamkato. Hapo mkato ulikuwa alama ya daraja la kazi, na nuktamkato alama ya daraja la vitu, na jicho la msomaji lilijua liko wapi. Leo alama moja inahudumia madaraja mawili katika sentensi moja, na utaratibu uliokuwa umesalimika katika daawa nzima umeharibiwa na mkono uliokuja kutengeneza.

Haya ndiyo matunda ya kuuogopa mkato. Mwongozo wa waandishi wa sheria wa Maine uliwaagiza waache mkato wa mwisho wa orodha, ule utanguliao kiunganishi, kama waachavyo wahariri wa magazeti wanaoifuata desturi ya Associated Press, watu ambao nimewalalamikia muda mrefu kwa kuhesabu nafasi kabla ya maana. Horace Hart, aliyesimamia kiwanda cha chapa cha Chuo Kikuu cha Oxford na kuwatungia wapanga herufi wake kanuni mwaka 1893, hakuwa na hofu hiyo; wala H. W. Fowler, ambaye katika kamusi yake ya 1926 aliutetea mkato ule kwa hoja kwamba desturi ya kuuacha hupoteza maana pale inapohitajiwa zaidi. Wazee hawa wangeiacha orodha kama ilivyokuwa, wakatia mkato mmoja baada ya "shipment", wakaendelea na kazi nyingine.

Na jaji atakayefika baadaye, akiikuta orodha hii ina nuktamkato na orodha nyingine za sheria za jimbo lile lile zina mikato, ataulizwa na mawakili kama tofauti ya alama si tofauti ya nia, na hatakuwa na ruhusa ya kulipuuza swali hilo.