Njia ya Mawe na Njia ya Majina

Matembezi ya kujiongoza katika mji wa kale ni aina ya maandishi. Ramani iliyochapwa, vituo vilivyotiwa namba na maelezo mafupi ya kila kituo ni kitabu asomacho mtu kwa miguu. Kwa hiyo yastahili kupimwa kama vitabu vipimwavyo: yasema nini, na yanyamazia nini?

Njia iliyozoewa ya Dar es Salaam hushika pwani na bandari. Mgeni huona Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said. Huona makanisa makubwa ya wakati wa Wajerumani, ambao mwaka 1891 walihamishia mjini humo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Kisha huifikia sanamu ya Askari, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927. Sifa ya njia hii ni uwazi wake: kila kituo kina mwaka wake, na mgeni hahitaji mwenyeji wa kumshika mkono. Lakini ila yake imo ndani ya sifa hiyo hiyo. Kisichokuwa jiwe wala shaba hakikupata namba. Historia ya mji imekuwa historia ya waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe.

Sheria nayo ina mwelekeo huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1886. Ya baadaye husubiri kutangazwa. Nyumba ya miti na udongo haiwezi kungoja muda mrefu hivyo.

Sanamu ya Askari yatoa mfano ulio bora. Shaba imempa sura mwenye bunduki; mpagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ametajwa katika maandishi ya chini tu. Hata hivyo, mpagazi huyo ana ukumbusho ulioenea kuliko shaba, nao ni Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, ambalo watu hulitamka kila siku waendapo sokoni. Basi jina laweza kuhifadhi kilichoachwa na jiwe.

Kwa mizani hiyo Mabibo, iliyo mbali na bandari upande wa magharibi, ina haki ya kutiwa katika ramani. Jina lake ndilo jina la matunda ya mkorosho. Alitajaye hutaja mti hata pale ambapo macho huona mabati na kuta za matofali. Jirani yake, kando ya Barabara ya Morogoro, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Lipo pia soko liitwalo Mahakama ya Ndizi. Nani mshitaki, nani hakimu, na ndizi ina kosa gani? Ramani haina jibu. Mwenye kuuza ndizi huenda analo.

Hapa matembezi ya kujiongoza hufika mpaka wake. Asemaye kwamba Mabibo hakuna cha kutazama asema kweli kwa sehemu, kwa kuwa mengi ya huko ni ya kusikilizwa. Mtungaji wa ramani mwenye busara angeacha baadhi ya vituo bila maelezo, akaandika swali moja la kumwuliza mzee wa mtaa. Njia ingepoteza wepesi wake, ikapata ukweli. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wala kazi hiyo si ya kuahirishwa. Ukuta uliopasuka hupata mwashi. Jina lililosahauliwa asili yake halina fundi.