Memento ni nzuri, ila chaji ikiisha?

Ukisoma Design Patterns (1994), kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, utaipenda Memento. Kitu kinatoa nakala ya thamani za sifa zake, mwingine anaitunza bila kuchungulia ndani, ukikosea unairudisha. Safi kabisa.

Lakini mfano wao ni programu ya kuchora maumbo, na hapo nakala iliyo kwenye RAM inatosha. Sasa njoo Ngara au Biharamulo. Sensa ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi. Chukulia karani yuko kwa mtu wa saba wa kaya, chaji inakata. Kama nakala ilikuwa kwenye RAM tu, imeenda na maji.

Kuna mtego mwingine. Nakala ya juujuu haibebi wanakaya, inabeba anwani ya orodha yao tu. Ukimfuta mtoto kimakosa, na kwenye nakala hayupo. Utarudisha nini?

Kwa hiyo kisome, ila ongeza mawili: nakili mpaka ndani, na kila jibu liandikwe kwenye hifadhi ya kudumu. Kuulizwa mara mbili ni kero tu, ndugu msomaji. Kutohesabiwa ni kukosa dawati na dawa.