Ushauri wa Wenye Silaha: Kuhusu Waamuzi 17 na 18

Wasomaji wengi wakifika kwenye sura hizi hukimbilia kiitikio kile cha kwamba Israeli haikuwa na mfalme, wakafunga mjadala: eti tatizo ni ukosefu wa serikali. Mimi nasema tusiharakishe. Hebu tuitazame fani kwanza.

Kisa kinaanza na wizi wa nyumbani. Mika wa milima ya Efraimu anamwibia mama yake vipande 1,100 vya fedha, anavirudisha, na 200 kati ya hivyo vinatengenezewa sanamu. Kisha anamwajiri kijana Mlawi awe kuhani wake, kwa vipande 10 kwa mwaka, nguo na chakula. Baadaye wanapita Wadani 600 wenye silaha. Wanasimama langoni, wenzao watano wanaingia na kuzoa sanamu.

Sikilizeni lugha yao sasa. Nyumbani kwa Mika hapigwi mtu. Kuhani anaambiwa anyamaze, halafu anaulizwa lipi bora, kuhudumia nyumba moja au kabila zima? Anafurahi, anaondoka nao. Mika akiwafuata, wanamuuliza ana nini, kana kwamba yeye ndiye mgomvi. Kisha wanampa “ushauri”: asipaze sauti, maana kundini wamo wenye hasira, asije akaangamia na jamaa zake. Kitisho kimevikwa vazi la wema. Msemaji hasemi kwamba yeye ataua; anawasingizia wenzake. Mika anaona wamemzidi nguvu, anarudi kwake.

Watakaosema mwizi kaibiwa, basi yamekwisha, wasome mpaka mwisho. Watu wa Laishi hawakumwibia mtu. Wanauawa, mji unachomwa, na hakuna wa kuwaokoa kwa kuwa Sidoni ni mbali. Msimulizi hatoi hotuba. Anarudia tu, kabla ya mauaji na wakati wa mauaji, kwamba walikuwa watu watulivu. Kwangu mimi, marudio hayo ndiyo hukumu yake.

Je, mfalme angalizuia? Fungua 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu yupo, barua zina muhuri, mashahidi wawili wameletwa, na Nabothi anapigwa mawe ili shamba lake la mizabibu lichukuliwe. Kwa hiyo kiitikio kinataja nusu tu ya ugonjwa. Dhamira ninayoiona mimi ni nguvu isiyoulizwa na mtu, iwe imeshika upanga au muhuri.